Vivaldi Kwenye Banda la Mbwa

Anayeingia kwa mara ya kwanza kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa hupokewa na kelele kabla hajamwona mbwa hata mmoja. Mlango wa chuma unafunguliwa, mbwa wa kizimba cha kwanza anabweka, wa pili anadakia, na mgeni hajapiga hatua tatu safu nzima imeshaitikia. Kuta ni za zege. Sakafu ni ya saruji laini, imewekewa mteremko ili maji ya kuoshea yakimbilie kwenye mfereji. Milango ni ya nondo. Hakuna pazia wala zulia, hakuna chochote laini cha kuipunguza sauti inayogonga ukuta na kurudi. Jengo lilibuniwa lisafishike kirahisi, na kwa kufanya hivyo likawa jengo la kukuza kelele.

Kelele hizo zimepimwa. Mwaka 1997 watafiti wa Uingereza walichapisha vipimo kutoka mabanda ya aina mbalimbali, na mara nyingi vilele vya kelele vilipita desibeli 100. Mfanyakazi wa kiwandani anayeshinda saa nane kwenye desibeli 85 hushauriwa kukinga masikio yake. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya mbwa 14 waliopimwa usikivu wakiwa wameishi mabandani kwa miezi sita, na wote 14 walikutwa usikivu wao umebadilika. Sikio lenyewe ni kali kuliko la binadamu: letu huishia kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, la mbwa hufika karibu 45,000. Mtunzaji akichoka hutoka nje kupunga hewa. Mbwa hubaki palepale usiku na mchana.

Na kelele ni sehemu tu ya mzigo. Mbwa aliyezoea mlio wa geti la kwao na harufu ya watu wake hujikuta kwenye chumba cha hatua chache, kati ya mbwa asiowajua, mikononi mwa watu wanaopokezana zamu. Mwaka 1997 Michael Hennessy na wenzake nchini Marekani walipima kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa unapokuwa kwenye msongo, katika damu ya mbwa walioingizwa kituoni. Kwa siku tatu za kwanza kiwango chake kilikuwa karibu mara tatu ya kile cha mbwa wanaoishi majumbani. Macho ya mtunzaji mzoefu huona jambo hilohilo bila sindano. Yuko anayezunguka kizimba kwa njia ileile kutwa nzima, yuko anayetafuna nondo, yuko anayejilamba mguu mmoja mpaka manyoya yanatoka, na yuko aliyejikunja kwenye kona ya nyuma akiwa ameupa mlango mgongo.

Hapo ndipo mtego ulipo. Mbwa anabweka kwa kuwa ana hofu au amechoshwa na upweke, kubweka kwake kunawafukuza watu ambao wangemchukua, na kila siku anayobaki inamwongezea sababu za kubweka. Mwaka 1992 Deborah Wells na Peter Hepper wa Queen's University, Belfast, walikwisha kuonyesha kwamba watu humpendelea mbwa aliye mbele ya kizimba, aliye macho na kimya, kuliko aliyejificha nyuma au anayepiga kelele. Kwa mbwa wa kituoni, basi, utulivu si starehe tu. Unaweza kuamua kama atapata kwao au la.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2002, Wells na Hepper pamoja na Lynne Graham walitoa utafiti ambao watu wengi wanaopiga muziki mabandani leo wanauegemea, hata kama hawajui jina lake. Walichukua mbwa 50 wa kituo kimoja cha uokoaji na kuwasikilizisha vitu vinne tofauti: mazungumzo ya watu, muziki wa klasiki, hevi metali na pop. Hali ya tano ilikuwa kutopiga chochote. Kila hali ilidumu saa nne, na kati ya hali moja na nyingine mbwa walipumzishwa siku moja. Kila baada ya dakika 10 ziliandikwa habari tatu za kila mbwa: yuko mbele au nyuma ya kizimba, anatembea, amesimama, amekaa, amejilaza au amelala, anabweka, yuko kimya au anatoa sauti nyingine.

Ni kazi ya uvumilivu, na thamani yake iko kwenye uvumilivu huo. Mtu anayempenda mbwa huona anachotaka kukiona. Karatasi yenye visanduku vya kutia alama kila baada ya dakika 10 haimpi nafasi ya kupendelea.

Upande wa klasiki zilipigwa kazi za Grieg, Vivaldi na Beethoven. Hevi metali iliwakilishwa na Metallica. Kwenye kapu la pop waliwekwa pamoja Britney Spears, Robbie Williams na Bob Marley, mchanganyiko ambao mpenzi yeyote wa rege angeupinga, na jambo hilo litarudi mbele. Matokeo yalikuwa dhahiri. Wakati wa klasiki mbwa walipumzika zaidi na kukaa kimya zaidi kuliko katika hali nyingine yoyote. Wakati wa Metallica walisimama zaidi na kubweka zaidi. Pop na mazungumzo ya watu hayakuleta tofauti ya maana na ukimya, na mahali mbwa alipochagua kukaa, mbele au nyuma, hapakubadilishwa na muziki wa aina yoyote.

Habari ilipofika magazetini ilipungua mpaka ikatosha kwenye kichwa kimoja: mbwa wanapenda Beethoven. Utafiti haukusema hivyo. Kupenda ni jambo moja na kujilaza ni jingine, na kilichopimwa ni kujilaza. Mbwa hakupewa kitufe cha kuchagulia wimbo. Tofauti hii inastahili kushikiliwa kwa nguvu, kwa sababu anayedhani amempa mbwa burudani atalala usingizi akijua amemaliza wajibu wake, ilhali anayejua amempunguzia msongo kidogo, kwa saa chache, ataendelea kuuliza huo msongo unatoka wapi.

Mwaka 2012 Lori Kogan na wenzake wa Colorado State University waliirudia hoja hiyo kwa mbwa 117. Klasiki ikashinda tena: mbwa walilala zaidi na kupunguza kelele. Hevi metali ikaonekana kuongeza kutetemeka mwili, ambako kwa kawaida ni dalili ya wasiwasi. Lakini kilichofanya utafiti huu uzungumzwe ni kitu cha tatu kilichojaribiwa humo. Kufikia wakati huo zilikuwa zimeshaingia sokoni rekodi zilizotengenezwa mahususi kwa ajili ya mbwa, klasiki iliyorahisishwa na kupunguzwa mwendo kwa madai kwamba inalifaa sikio la mnyama huyo. Rekodi hizo hazikuizidi klasiki ya kawaida. Kituo chenye bajeti ndogo hakikuwa na sababu ya kununua muziki wa mbwa wakati Vivaldi anapatikana redioni.

Hata hivyo, wazo la muziki uliotungwa kwa kumfuata mnyama mwenyewe halistahili kutupwa haraka. Charles Snowdon wa University of Wisconsin-Madison na mpiga selo David Teie walitunga muziki kutokana na milio ya nyani wadogo wa Amerika ya Kusini waitwao tamarini. Tamarini, ambao karibu hawakujali muziki wa binadamu, waliuitikia ule uliofuata sauti zao: vipande vilivyotokana na milio ya woga viliwachangamsha kwa wasiwasi, vile vya milio ya utulivu viliwatuliza. Mbwa ni mtihani mgumu zaidi. Ameishi na watu kwa maelfu ya miaka, na sauti zake na zetu zimeingiliana kiasi kwamba si rahisi kusema muziki wa mbwa mtupu ungesikikaje.

Swali zito zaidi liliulizwa Scotland. Belfast walikuwa wamepima saa nne kwa kila aina ya sauti. Lakini mbwa wa kituoni hukaa wiki, wengine miezi. Je, utulivu unadumu?

Amy Bowman, Neil Evans na wenzao wa University of Glasgow walishirikiana na Scottish SPCA, chama cha Scotland cha kuzuia ukatili kwa wanyama, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2015. Mbwa waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilikaa siku saba za ukimya kisha siku saba za muziki. La pili lilianza na muziki. Orodha ya nyimbo za klasiki ilikuwa moja tu, isiyobadilishwa, ikipigwa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na nusu jioni. Safari hii watafiti hawakutegemea macho peke yake. Waliupima pia moyo.

Kipimo walichotumia kinahitaji maelezo, maana kinakwenda kinyume na mtu anavyotarajia. Moyo wa mnyama aliyetulia haupigi kwa vipindi vinavyolingana. Muda kati ya pigo na pigo hurefuka kidogo, hufupika kidogo, kwa kuwa neva za kupumzisha mwili zinaurekebisha moyo kila anapovuta na kutoa pumzi. Hofu inapoingia, neva za kuuweka mwili tayari kwa vita au mbio hushika usukani, na vipindi huanza kulingana. Kwa hiyo mapigo yasiyolingana sana ni ishara njema. Mbwa anaweza kujilaza huku moyo wake uko mbioni, na kwa jicho la mpita njia akaonekana ametulia. Kipimo hiki ndicho kinachomfichua.

Siku ya kwanza ya muziki kila kitu kilikwenda kama ilivyotumainiwa. Ikilinganishwa na siku ya kwanza ya ukimya, mapigo yalipungua kasi, vipindi vyake vikatofautiana zaidi, mbwa wakakaa na kujilaza zaidi, wakasimama na kubweka kidogo. Madume yalionyesha mabadiliko makubwa kuliko majike. Kotisoli iliyopimwa kwenye mate haikufuata mkondo wowote unaoeleweka, na watafiti wakasema hivyo waziwazi.

Siku ya saba faida ilikuwa imekwisha. Moyo na mwenendo vilikuwa vimerudi karibu na palepale pa siku ya kwanza ya ukimya. Utafiti mdogo wa siku tisa uliofuata, uliokusudiwa kujua mazoea huingia lini hasa, ulidokeza kwamba huanza mapema kama siku ya pili. Vivaldi alikuwa bado anapiga, lakini mbwa walikuwa hawamsikii tena, kama mkazi wa ufukweni asiyesikia mawimbi.

Hapa ndipo penye kiini cha habari hii. Kama klasiki ingekuwa dawa, kwa maana ya sauti fulani inayozituliza neva za mbwa kwa nguvu yake yenyewe, isingeisha makali kati ya Jumatatu na Jumanne. Kuisha kwake kunaelekeza kwingine: sehemu kubwa ya kilichowatuliza mbwa siku ile ya kwanza ilikuwa upya. Kitu kisichotisha kilikuwa kimeingia kwenye siku inayofanana na jana na juzi. Ukitazamwa hivyo, utafiti wa Glasgow unaeleza mengi zaidi kuhusu maisha ya bandani kuliko kuhusu muziki.

Kundi hilohilo likafuata fununu hiyo. Katika utafiti wa pili, uliochapishwa mwaka 2017, mbwa 38 walipigiwa aina tano za muziki ndani ya siku tano: roki laini, Motown, pop, rege na klasiki. Rege, iliyokuwa imefichwa kwenye kapu la pop kule Belfast, sasa ilipewa nafasi yake yenyewe, na ikaitumia vizuri. Mapigo ya moyo yalionyesha utulivu mkubwa zaidi wakati wa roki laini na rege, huku Motown, pop na klasiki zikiwa na athari ndogo zaidi. Muziki wa aina yoyote ulipopigwa, mbwa walijilaza zaidi na kusimama kidogo.

Vyombo vya habari vilisherehekea kwamba mbwa ni mashabiki wa rege. Yale yaliyoachwa nje ya sherehe yana uzito wake. Kotisoli, safari hii ikipimwa kwenye mkojo, ilipanda wakati wa roki laini, aina ileile ambayo moyo ulisema inatuliza. Muziki haukupunguza kubweka. Na ulipozimwa, mbwa walibweka zaidi. Mtunzaji anayezima redio jioni na kufunga mlango anaweza kuwa anawaachia mbwa pengo ambalo lisingekuwepo kama redio isingewashwa ghafla na kuzimwa ghafla. Hili ni jambo dogo la kurekebisha: sauti ipunguzwe taratibu, na izimwe wakati kitu kingine kinaanza, chakula au matembezi, badala ya kuzimwa wakati watu wanaondoka.

Scottish SPCA iliyachukua matokeo kwa vitendo. Ilitangaza kwamba vituo vyake vya Glasgow na Edinburgh vimeshawekewa mitambo ya kupitisha muziki mabandani na kwamba vingine vitafuata. Ni uamuzi mzuri, kwa sharti kwamba orodha ibadilishwe mara kwa mara.

Kati ya tafiti hizo mbili za Glasgow, Clarissa Brayley na Tamara Montrose walijaribu kitu ambacho wachache wangekifikiria. Katika utafiti wao wa mwaka 2016, mbwa 31 wa kituo cha Uingereza walisikilizishwa klasiki, pop, muziki uliotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na kitabu kinachosomwa kwa sauti. Kitabu kilikuwa hadithi ya watoto ya C. S. Lewis kuhusu simba, mchawi na kabati la nguo, kikisomwa na mwigizaji Michael York. Kitabu kiliishinda miziki yote. Mbwa walipumzika zaidi na walipunguza ile hali ya kusimamisha masikio na kuvizia kila mlio.

Mtu atauliza: mbona Belfast mazungumzo ya watu hayakusaidia? Jibu linaloelekea kuwa la kweli ni kwamba si maongezi yote yanayofanana. Gumzo la watu wengi kituoni ni sauti ya kila siku, linapanda na kushuka, linakatizwa na vicheko na amri. Msomaji mmoja mwenye sauti ya upole, asiye na haraka, anayeendelea kwa saa mbili bila kumwita wala kumkaripia mtu, ni kitu kingine. Mbwa huelewa mno kiimbo cha sauti ya binadamu. Mbwa wa kituoni amekosa wimbo, lakini amemkosa mtu zaidi.

Kabla ya mtu kukimbilia dukani kununua spika, yapo ya kuzingatia. Banda lenye desibeli 100 haliponywi kwa kuongezewa desibeli. Muziki unaopigwa kwa nguvu ili ushinde kubweka unakuwa kelele juu ya kelele. Spika ndogo kadhaa zenye sauti ya chini ni bora kuliko moja kubwa iliyobandikwa juu ya kizimba cha kwanza, kwa kuwa mbwa wa kizimba hicho hana pa kukimbilia. Saa za ukimya zinahitajika pia. Na kazi ya msingi ibaki ya fundi: vibao vya kunyonya sauti darini, mpira chini ya milango ya chuma, na mpangilio unaowawezesha mbwa kutotazamana uso kwa uso siku nzima.

Haya hayawahusu watu wa Belfast na Glasgow peke yao. Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, mbwa wengi wa ulinzi hufungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku, na banda mara nyingi huwekwa mahali ambapo binadamu asingekubali kukaa: kando ya jenereta, nyuma ya jiko la hoteli, au ukutani pa baa yenye spika za kutikisa mabati. Wenye nyumba hulalamika kwamba mbwa ni mkali kupita kiasi, habagui mgeni na mwizi. Kuhamisha banda hatua ishirini kutoka kwenye jenereta hakuhitaji maabara. Redio ya mlinzi iliyowekwa kwenye sauti ya kawaida, ikiwa na mtu anayesoma taarifa au kusimulia hadithi, inaweza kumfaa mbwa huyo kuliko mwenye mbwa anavyodhani.

Upande wa pili wa Atlantiki, kituo kimoja kimechukua hatua moja mbele na kuiondoa spika kabisa. Humane Society of Missouri, huko St. Louis, huwafundisha watoto wa miaka 6 hadi 15 kusoma ishara za mwili wa mbwa: mkia ulioingia katikati ya miguu, kuramba midomo, kukwepesha macho. Kisha kila mtoto huketi sakafuni mbele ya kizimba na kitabu chake, akisoma kwa sauti. Wanaopewa kipaumbele ni mbwa wenye haya na woga, wale wa kona ya nyuma. Mtoto haruhusiwi kumlazimisha mbwa; mbwa akisogea mbele mwenyewe, hutupiwa kipande cha chakula. Sauti ni ileile ya upole, lakini inatoka kwa mtu mwenye harufu, anayenyamaza kidogo mbwa anapotikisa sikio, anayerudi siku nyingine na kitabu tofauti. Mazoea yaliyommaliza Vivaldi ndani ya siku mbili hayana pa kushika kirahisi hapo. Na mbwa aliyejifunza kwamba anayesimama mbele ya nondo huja na jambo jema, humsogelea pia mgeni anayekuja Jumamosi kutafuta mbwa wa kumchukua.

Gharama yake ni muda wa watu, ambao vituo vingi havinao wa kutosha, na ndiyo maana spika itaendelea kuwa na kazi. Meneja anayepanga bajeti afanye zote mbili akiweza. Akilazimika kuchagua, aanze na orodha ya watu wa kujitolea na viti vya kukalia mbele ya vizimba, kisha aulize bei ya waya na spika.